Maswali ya Wasomaji: Kusikiliza Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu

Katika toleo lililopita nilitaja kwa aya moja tu kifaa kidogo cha mkononi kinachotumia mawimbi ya sauti kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kifaa ambacho wakunga tumezoea kukiita dopla. Aya hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyoizunguka. Nimechagua tano, nami nitazijibu kwa urefu unaostahili kila moja, kwa kuwa baadhi zinagusa uhai wa mtoto moja kwa moja.

Swali: Shikamoo Mama Mkunga. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mkunga alimwekea mke wangu tumboni pembe ya mti na kutega sikio kimya. Kwa mtoto wa pili alitumia kifaa chenye betri, na sauti ikajaa chumba kizima kama ngoma inayopigwa haraka chini ya maji. Je, ile ni sauti ya moyo wenyewe? Mawimbi hayo hayamdhuru mtoto? Na kwa nini mkunga alisikiliza maumivu yanapofikia kilele na kuendelea hata yakishapita, wakati ambapo mke wangu alitamani aachwe apumzike?
– Baba wa wawili

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa mtoto.

Ulichosikia si sauti ya moyo wenyewe, ingawa kila pigo ulilolisikia lilikuwa pigo la kweli la moyo wa mwanao. Kichwa cha kifaa hutuma tumboni mawimbi yanayotetema takriban mara milioni 2 hadi 3 kwa sekunde, nayo masikio ya binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000. Mawimbi hayo yakigonga kitu kilichotulia hurudi jinsi yalivyokwenda, lakini yakigonga kitu kinachosogea, kama kuta na vali za moyo au damu inayokimbia, hurudi yakiwa yamebadilika kidogo, na kifaa hupima badiliko hilo na kuligeuza kuwa sauti tunayoweza kuisikia. Ni jambo lile lile linaloifanya honi ya gari linalokujia isikike nyembamba, kisha iwe nzito ghafla gari likishakupita. Aliyelieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1842, ni mwanafizikia wa Austria aitwaye Christian Doppler, na jina la kifaa limetokana na lake. Pembe aliyoitumia mkunga wa kwanza, yaani fetoskopu, ilibuniwa na daktari wa uzazi wa Ufaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, nayo haibadilishi chochote: inapeleka sauti halisi ya moyo kwenye sikio la mtu mmoja.

Kuhusu madhara, mawimbi haya si mionzi kama ile ya eksirei. Hakuna madhara kwa mtoto yaliyothibitishwa kutokana na usikilizaji wa dakika moja moja unaofanywa na mhudumu aliyefunzwa. Hata hivyo sisi wakunga hufundishwa kutumia mawimbi hayo kwa muda unaohitajika tu na si zaidi.

Swali lako la tatu ndilo lililonifurahisha, kwa sababu limegusa kiini cha kazi hii. Kizazi kinapokaza wakati wa maumivu, mishipa inayopitisha damu kwenda kwenye kondo la nyuma hubanwa, na kwa muda huo mfupi mtoto hupokea oksijeni kidogo kuliko kawaida. Mtoto mwenye afya, aliye na kondo zuri, huvumilia jambo hilo kama mpiga mbizi aliyejaza pumzi kabla ya kuzama: kizazi kikilegea, damu hurudi, naye huendelea kama kwamba hapakuwa na kitu. Lakini mtoto ambaye akiba yake imepungua, ama kwa sababu kondo limechoka, ama kwa sababu maumivu yanafuatana bila kumpa nafasi ya kupumua, moyo wake huanza kupunguza mwendo maumivu yanapopita kilele, na huchelewa kurudi katika mwendo wake hata baada ya kizazi kulegea. Mkunga anayesikiliza katikati ya mapumziko, mama akiwa ametulia, atakuta moyo umesharudi, ataandika namba nzuri, na kuondoka akiwa amekosa habari yote muhimu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaelekeza kusikiliza wakati wa mkazo na kuendelea kwa angalau sekunde 30 baada ya mkazo huo. Mkunga wa mke wako aliijua kazi yake, na usumbufu ule mdogo ulikuwa na sababu kubwa.

Swali: Shikamoo Mama. Nimehitimu ukunga mwaka jana, na kituoni kwetu tumepewa dopla mbili bila mafunzo ya kutosha. Namba kwenye kioo hunichanganya: kwa mama mmoja niliona 142, kisha 71, kisha 88, yote ndani ya dakika mbili. Niamini ipi? Nisikilize kila baada ya muda gani? Na mapigo yakishuka, nifanye nini kabla daktari hajafika?
– Mkunga kijana

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umefanya vyema kuuliza, kwa maana namba hizo tatu zinabeba somo zima.

Angalia kwamba 71 ni nusu kamili ya 142. Kifaa kikishika mawimbi dhaifu huweza kuhesabu pigo moja na kuliruka la pili, kikaonyesha nusu ya mapigo halisi, na huweza pia kufanya kinyume chake, kikahesabu pigo moja mara mbili. Namba 88 ina hatari zaidi, kwa sababu yaelekea ilikuwa mapigo ya mama mwenyewe, yaliyonaswa kutoka kwenye mshipa mkubwa wa tumbo au wa kizazi. Nilipokuwa na umri kama wako niliwahi kuandika mapigo 120 ya mtoto kwa mama aliyekuwa na homa na hofu, nikaridhika, mpaka mkunga mkuu alipokuja, akamshika mama kifundo cha mkono, na kunionyesha kwamba kila mdundo niliousikia kwenye dopla ulilingana na mshipa uliokuwa chini ya kidole chake. Moyo wa mtoto ulikuwa mahali pengine, na ulikuwa unakwenda polepole. Mtoto yule alizaliwa kwa haraka akiwa hai, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuweka dopla tumboni kabla ya kushika mkono wa mama.

Kwa hiyo anza na mikono yako mwenyewe. Papasa tumbo ujue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa kuwa moyo husikika vizuri zaidi kupitia mgongo karibu na bega. Weka jeli ya kutosha, kwa sababu hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi huyazuia mawimbi. Shika mshipa wa kifundo cha mkono wa mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili uelekeze kichwa cha kifaa polepole, ukiinamisha pembe kidogo kidogo badala ya kukikokota tumbo zima. Ukisikia mvumo laini kama upepo, unaolingana na mapigo ya mama, hiyo ni damu ya mama inayopita kwenye mishipa ya kizazi. Ukisikia mvumo mkali unaokwenda haraka kama moyo wa mtoto, huenda umeipata kamba ya kitovu. Moyo wenyewe una mdundo mkavu ulio wazi, wenye pigo maradufu kama hatua za mtu anayekimbia. Ukishaupata, kiache kioo, tazama saa, uhesabu kwa sikio lako dakika nzima. Na kadiri mtoto anavyoshuka, utapata moyo wake chini zaidi na karibu zaidi na mstari wa kati wa tumbo, kwa hiyo usishangae kuupoteza mahali ulipoupata saa mbili zilizopita.

Kwa mama mwenye afya ambaye uchungu umekolea, yaani mlango wa kizazi umefunguka kuanzia sentimita 5, sikiliza kila baada ya dakika 15 hadi 30, na akianza kusukuma sikiliza kila baada ya dakika 5. Sikiliza pia mara tu chupa inapopasuka, hata kama zamu ya kusikiliza haijafika, kwa sababu hapo ndipo kamba ya kitovu inapoweza kutangulia. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ukipata kitu nje ya hapo, usisikilize mkazo mmoja na kuhitimisha, bali endelea kupitia mikazo isiyopungua mitatu.

Hapa naomba utulie unisikilize, kwa kuwa wengi hukosea. Mtoto aliyeanza leba akiwa na mapigo 120 na sasa ana 155 bado yuko ndani ya mipaka, na karatasi haitakupigia kelele, lakini mtoto huyo amebadilika. Tafuta sababu. Mpime mama joto, uliza amekunywa maji lini, nusa na utazame maji ya uzazi, kwani homa na maambukizi ndani ya kizazi huanza hivyo hivyo, kimya kimya, mapigo yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Huwezi kuliona hilo kama hukuandika kila kipimo na saa yake kwenye partografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, au kwenye mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, na kulinganisha mama huyu na yeye mwenyewe wa saa tatu zilizopita.

Mapigo yakishuka na kuchelewa kurudi, usimwache mama peke yake. Ita msaada kwa sauti, na wakati huo huo mgeuze mama alale ubavu, kwa kawaida wa kushoto, ili kizazi kisikandamize mishipa mikubwa ya damu. Kama ana dripu ya oksitosini, yaani dawa ya kuongeza uchungu, ifunge. Mpime mama mapigo, shinikizo la damu na joto, kisha mpime njia ujue mlango umefunguka kiasi gani, maji yana rangi gani, na hasa kama kamba ya kitovu imeshuka. Ukiigusa kamba, usiutoe mkono wako: sukuma kichwa cha mtoto juu kwa vidole, mama ainame magoti na kifua huku makalio yakiwa juu, na mkae hivyo mpaka apelekwe chumba cha upasuaji, isipokuwa kama mtoto yuko tayari kabisa kutoka. Kama si kamba, sikiliza tena. Hali isiporekebika, mtoto anapaswa kuzaliwa haraka, kwa kuvutwa na vakyumu, yaani kikombe kinachonata kichwani kwa kunyonya hewa, ikiwa njia imefunguka kabisa na kichwa kiko chini, au kwa upasuaji. Ikiwa kituo chako hakina upasuaji, uamuzi wa kumpa mama rufaa ni wako na ni wa dakika hiyo. Mwambie mama kinachoendelea kwa maneno mapole na ya kweli, na uhakikishe mfuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto viko karibu, vimejaribiwa.

Swali: Mama yangu, shikamoo. Nina ujauzito wa miezi saba. Ule uliotangulia niliupoteza katika mwezi wa nane, na tangu hapo sina usingizi. Nimeona dopla ndogo za nyumbani zinauzwa mtandaoni. Nikiwa nayo nitaweza kusikiliza kila usiku na kutulia. Unanishauri ninunue?
– Mama mwenye hofu

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mtoto uliyempoteza. Hofu yako ina haki, na sitaki uione kama udhaifu.

Lakini nakushauri usinunue, nami nakueleza kwa nini. Kifaa hicho hakitakuambia kwamba mtoto yu salama, kitakuambia tu kwamba kuna kitu kinachodunda. Umesoma juu ya mkunga aliyehitimu akichanganya mapigo ya mama na ya mtoto, je, wewe peke yako usiku, mwenye wasiwasi, ambaye wasiwasi wenyewe unayapandisha mapigo yako? Hata kama ukiupata moyo wenyewe, mtoto aliyeanza kuishiwa huweza kuwa na mapigo yanayosikika kuwa ya kawaida karibu mpaka mwisho. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kisa cha mama aliyekuwa na ujauzito wa wiki 38, aliyeona mtoto wake anacheza kidogo, akajisikilizia kwa dopla ya nyumbani, akatulia, na alipofika hospitali baada ya siku kadhaa mtoto alikuwa ameshafariki. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani nayo ilionya watu wasitumie vifaa hivi nyumbani bila usimamizi wa mtaalamu.

Kilicho bora kuliko dopla unacho tayari, nacho ni kumjua mtoto wako. Kufikia miezi hii anao utaratibu wake wa kucheza, saa zake za kurusha mateke na saa zake za kulala. Utaratibu huo ukibadilika, akicheza kidogo kuliko kawaida yake au akiacha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama ni usiku nenda usiku huo. Usikubali kuambiwa kwamba watoto hupunguza kucheza kadiri siku za kujifungua zinavyokaribia, kwa sababu si kweli. Mweleze pia mkunga wako wa kliniki yale yaliyotokea katika ujauzito uliopita, umwombe akuone mara nyingi zaidi. Hakuna mkunga mwema atakayekuona msumbufu, na hata ukienda mara kumi ukaambiwa mtoto yu mzima, mara hizo kumi hazikupotea bure.

Swali: Kwa nini wakunga wasitumie mashine kubwa yenye mikanda miwili, inayochora mapigo muda wote, badala ya kusikiliza kwa vipindi?
– Msomaji

Jibu: Kwa mama aliye katika hatari, kwa mfano mwenye kifafa cha mimba, au ambaye maji ya uzazi yamechanganyika na kinyesi kizito cha mtoto, hospitali zenye mashine hiyo huitumia, na ni sawa. Kwa mama mwenye afya, uchungu ukiwa umeanza wenyewe, Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba mashine hiyo hupunguza degedege kwa watoto wachanga, ambalo ni tukio la nadra, lakini haikuonekana kupunguza vifo vyao wala ulemavu wa ubongo, huku ikiongeza upasuaji. Tena inamfunga mama kitandani, wakati kutembea na kukaa wima ni miongoni mwa mambo yanayomsaidia.

Swali: Mheshimiwa, mimi ni msimamizi wa kituo kidogo cha afya ambacho umeme wake si wa kutegemewa. Tumepata nafasi ya kununua dopla. Je, zinafaa kweli kuliko fetoskopu, na tukishazipata tuziache fetoskopu?
– Msimamizi wa kituo

Jibu: Zinafaa, ila naomba ujue zinafaa kwa kiasi gani. Katika utafiti uliofanyika Harare na kuchapishwa mwaka 1994, wanawake zaidi ya 1,200 waligawanywa katika makundi, na wakunga waliotumia dopla waligundua mapigo yasiyo ya kawaida kwa asilimia 32 ya akina mama, ilhali waliotumia fetoskopu kwa umakini ule ule waligundua kwa asilimia 15. Utafiti wa baadaye wa Kampala, uliotumia dopla ya kuzungusha kwa mkono, nao uliona dopla ikigundua matatizo zaidi, lakini haukuona tofauti katika vifo vya watoto. Sishangai. Kugundua tatizo ni nusu ya safari, na kama hakuna wa kumfanyia mama upasuaji, gari la rufaa halina dereva, au mkunga mmoja anahudumia akina mama sita, dopla itatangaza shida ambayo hakuna wa kuitatua. Duniani watoto karibu milioni 2 huzaliwa wakiwa wamefariki kila mwaka, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufariki uchungu ukiwa umeshaanza, yaani mama akiwa tayari mikononi mwetu au njiani kutufikia. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya dopla, panga pamoja nayo mafunzo, watu wa zamu na usafiri.

Faida nyingine ya dopla haipatikani kwenye takwimu. Mkunga anaweza kusikiliza mama akiwa amesimama, amepiga magoti au amelala ubavu, ilhali fetoskopu humlazimisha mama alale chali na mkunga ainame. Tena sauti inasikika kwa wote, hivyo mkunga wa zamani na mwanafunzi husikia jambo moja kwa wakati mmoja na kulijadili, na mama naye husikia. Wapo wanaotulia wakiusikia moyo wa mtoto, na wapo wanaoogopa kila sauti inapopotea kwa sababu mtoto amejigeuza, kwa hiyo muulize mama kabla ya kuongeza sauti.

Kwa kituo chenye umeme wa mashaka, tafuta dopla inayochajiwa kwa mwanga wa jua au kwa kuzungusha mkono, au inayotumia betri za kawaida mnazoweza kuzipata wakati wowote. Jeli ifutwe mara tu baada ya kila mama, maana ikikaukia kwenye kichwa cha kifaa hukiharibu, kisha kifaa kisafishwe kwa kitambaa chenye dawa anayoielekeza mtengenezaji, bila kutumbukizwa majini isipokuwa kama kimeundwa kwa ajili hiyo. Waya kati ya kichwa na mwili wa kifaa ndio hukatika kwanza, kwa hiyo usizungushwe kwa kukazwa wala kifaa kisining'inizwe kwa waya huo.

Fetoskopu msiziache. Haziishiwi chaji, na dopla ikikuacha na shaka, sikio lililowekwa kwenye fetoskopu husikia sauti halisi ya moyo wa mtoto, si mvumo wa damu kwenye mishipa ya mama. Tundika moja katika kila chumba cha leba, pembeni mwa dopla, na kila wiki mwambie mkunga mmoja wa zamu asikilize kwanza kwa fetoskopu, ahesabu, kisha athibitishe kwa dopla, ili ujuzi huo usipotee mikononi mwao.